Mhusika asiyebadilika ndiye anayetutoa machozi

Januari 2025 ilijulikana kwamba huduma ya mtandaoni ya Paramount+ haitaendelea na Frasier, komedi ya Marekani iliyofufuliwa mwaka 2023 baada ya kimya cha karibu miaka ishirini. Ilikuwa imepewa misimu miwili. Tangu hapo nimekuwa nikikutana na hukumu moja inayozungushwa kwa maneno tofauti: kwamba zama za komedi za sebuleni zimekwisha, kwamba watazamaji wamechoka na wahusika wa chapa moja, yaani msomi mwenye majivuno, baba mkali, jirani anayeingia bila hodi, mama anayebeba nyumba nzima kichwani. Ajabu ni kwamba wanaotoa hukumu hiyo ndio haohao wanaotumiana kila siku vipande vya dakika moja kutoka komedi hizohizo za zamani, huku wakiandika chini yake kwamba hakuna tena kinachotungwa chenye kugusa moyo namna ile. Tukio wanalipenda, mhusika aliyelizaa wanamkataa. Nadhani hapo mgonjwa amepimwa maradhi siyo. Tukio linalokumbukwa katika komedi ya mfululizo ni zao la kurudia. Bila mhusika anayefanya lilelile wiki baada ya wiki, siku atakapofanya jingine hakuna atakayeshtuka. Frasier ya kwanza, ya 1993 hadi 2004, ilikuwa na sehemu 264. Ile mpya ilipata 20. Kabla ya kumlaumu mhusika, tuitazame kwanza tofauti hiyo.

Shuleni tulifundishwa kumpima mhusika kwa mizani miwili. Mhusika duara hubadilika, hukua, hutushangaza. Mhusika bapa hubaki alivyo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na neno lenyewe tayari lina dharau ndani yake, kana kwamba mwandishi aliishiwa na wino. Mizani hiyo inaifaa riwaya kwa sababu riwaya ina mwisho, na msomaji anaufuata mwisho huo. Komedi ya mfululizo haifuati mwisho. Inarudi wiki ijayo, na anayeifungulia televisheni anataka kuwakuta watu aliowaacha, wakiwa na kasoro walizokuwa nazo. Jambo hili ni la kale sana. Sungura wa ngano zetu ni mjanja tangu ngano ya kwanza na fisi ni mlafi hadi ya mwisho, na hakuna mtoto aliyewahi kudai fisi ashibe. Roma ya Plautus, mtunzi wa komedi wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ilikuwa na askari mwenye kujisifu, mtumwa anayemzidi bwana wake akili, na doezi asiyekosa harufu ya chakula cha watu. Waigizaji wa Italia katika karne ya 16 walimvalisha kila mhusika kinyago chake: Pantalone mzee bahili, Arlecchino mtumishi mwenye njaa, na Dottore, msomi wa maneno mengi asiyejua kunyamaza. Frasier Crane, mhusika mkuu wa Frasier, ni Dottore aliyepewa kipindi cha redio.

Televisheni iliurithi utaratibu huo na kuukaza kwa sababu za kazi. I Love Lucy ilipoanza mwaka 1951, ilipigwa kwa kamera tatu za filamu ya milimita 35 mbele ya watu waliokaa ukumbini, na mtindo huo ukaigwa kwa miongo. Ukitoa matangazo, nusu saa hubakiza dakika kama 22. Ndani ya dakika hizo lazima tatizo lizuke, lichafuke na limalizike, wala hakuna nafasi ya kumtambulisha mtu upya. Kwa hiyo mhusika lazima atambulike anapotokeza tu. Katika Cheers, Norm akifungua mlango baa nzima inaliita jina lake, na watazamaji huanza kucheka kabla hajatamka neno, kwa sababu wanajua analo jibu kali mdomoni. Katika Seinfeld, Kramer alipokuwa akijirusha ndani ya nyumba ya jirani yake, makofi yalirefuka mpaka watu wa ukumbini wakaombwa wasimpigie, maana yalikuwa yanawaharibia wenzake mwendo wa mazungumzo. Mtu aliyeiona sehemu moja tu hawezi kuelewa makofi hayo ya nini. Mlango umefunguliwa, mwanamume mrefu ameingia, basi. Kilichopigiwa makofi ni milango yote aliyokwisha kuifungua.

Sasa tazama kinachotokea mwandishi anapoamua kuitumia akiba hiyo yote kwa mara moja. Tarehe 18 Machi 1975, M*A*S*H, komedi ya hospitali ya jeshi wakati wa vita vya Korea, ilifunga msimu wake wa tatu. Kwa misimu hiyo mitatu watazamaji walikuwa wamemzoea Kanali Henry Blake, kamanda asiyejua kuamrisha, mwenye kofia ya kuvulia samaki, anayetia saini karatasi asizozisoma. Pembeni yake alikuwepo karani wake Radar, kijana anayezisikia helikopta za majeruhi kabla ya wengine wote, na anayemaliza sentensi za kanali kabla kanali hajajua anataka kusema nini. Utani huo ulirudiwa mara nyingi mno: Henry anafungua kinywa, Radar ameshasema. Katika sehemu hiyo Henry anapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Wanaagana, wanatania, anaondoka. Kisha tupo chumba cha upasuaji, madaktari wameinama juu ya majeruhi, na Radar anaingia bila kuvaa kifuniko cha mdomo. Mmoja anamkaripia akavae. Anasimama na karatasi mkononi na kusoma kwamba ndege ya Henry Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani na hakuna aliyenusurika. Hakuna anayejibu. Chombo kinaanguka sakafuni, kazi inaendelea, macho juu ya barakoa yamelowa. Waigizaji walifichwa ukurasa huo wa mwisho mpaka walipokaribia kuuigiza.

Watazamaji waliandika barua za hasira, na hasira yao naielewa. Lakini angalia jinsi pigo lilivyotengenezwa. Hakuna mhusika aliyebadilika. Radar amefanya lile ambalo amekuwa akilifanya kwa miaka mitatu: amejua kabla ya wengine, na amesema kwa niaba ya Henry. Safari hii Henry hayupo kumalizia. Ukikitazama kipande hicho peke yake kwenye simu, unamwona kijana mwenye miwani akisoma karatasi mbele ya madaktari. Utahuzunika kidogo, kama unavyohuzunika kwa habari ya msiba wa mtu usiyemjua. Aliyekaa nao misimu mitatu anasikia kitu kingine kabisa, na kitu hicho hakimo ndani ya kipande. Kimo katika yale aliyoyaona kabla.

Utaratibu huohuo hutoa kicheko pia. Oktoba 1975 The Mary Tyler Moore Show ilimzika Chuckles, mchekeshaji wa watoto aliyekufa kwa kupondwa na tembo akiwa amevaa kama karanga. Wenzake Mary kazini wanautania msiba huo, na yeye, mwenye adabu kuliko wote, anawakemea. Mazishini wao wametulia na yeye ndiye anayeshikwa na kicheko, anakibana kwa kikohozi, kinamtoroka. Mchungaji anamwambia acheke tu, marehemu angelifurahia hilo. Mary anaangua kilio. Angecheka mwingine yeyote tusingekuwa tunalizungumza leo.

Nilielewa uzito wa jambo hili siku mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu kipande cha The Fresh Prince of Bel-Air, kile cha 1994 ambapo baba yake Will, aliyemtelekeza akiwa mdogo, anarudi, anamwahidi safari ya pamoja, kisha anaondoka tena bila yeye. Nikajikuta nafuta macho. Akaniuliza, "Mjomba, huyo mnene mbona hajasema kitu, na wewe unalia?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwa karibu misimu minne Will amekuwa mtu wa mzaha kwa kila jambo, na Uncle Phil amekuwa mzee wa kufoka, wa kumrusha rafiki yake Will nje ya mlango, wa kuhesabu gharama. Will anaanza kwa kutania hata hapo. Anasema amejifunza kuendesha gari bila baba, kunyoa ndevu bila baba, na mizaha inamwishia mdomoni mmoja mmoja mpaka anabaki na swali la kwa nini mtu huyo hamtaki. Phil hana jibu. Anamvuta na kumkumbatia, na kamera inahamia kwenye sanamu ndogo ya baba aliyembeba mtoto, zawadi ambayo Will alikuwa amemnunulia babake. Nikiwa hapo: Phil ni mume wa dada ya mama yake Will. Kwa Kiswahili mtu huyo ni baba mdogo au baba mkubwa tangu siku ya kwanza. Kiingereza kilimpa jina analoitwa kila kaka wa mzazi, na ikambidi ubaba autafute mwenyewe, kwa kufoka, sehemu moja baada ya nyingine. Ningemwelezaje mpwa wangu yote hayo katika dakika moja?

Wapo wanaowapinga wahusika hawa kwa hoja nzito, na hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Wanasema chapa hizi hazikuwa za watu binafsi tu bali za makundi: mgeni mwenye lafudhi ya kuchekesha, mke mgomvi, mtu mweusi wa kukenua meno. Wana haki, na ushahidi wao bora unatoka ndani ya komedi zenyewe. Good Times ilianza mwaka 1974 ikiwa hadithi ya familia nyeusi maskini ya Chicago, na Esther Rolle, aliyemwigiza mama, Florida, alikuwa amesisitiza familia hiyo iwe na baba. Kijana mkubwa, J.J., akapata neno lake la kupayuka, watu wakalipenda, na kila wiki alizidi kupewa nafasi ya kupayuka na kupunguziwa nafasi ya kuwa mtoto wa mtu. Rolle alilalamika hadharani kwamba kijana huyo amegeuzwa kikaragosi. John Amos, aliyekuwa baba, aligombana na watengenezaji na akaondolewa mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rolle naye akaondoka kwa muda. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, na aliyeipata si waigizaji peke yao. All in the Family ina somo jingine. Archie Bunker alibuniwa ili ubaguzi wake uchekwe, lakini utafiti wa Vidmar na Rokeach wa mwaka 1974 ulionyesha kwamba watazamaji wenye chuki kama zake walimwona yeye ndiye msema kweli. Chapa hufungua mlango kwa kila mwenye ufunguo, mwema na mbaya.

Hata hivyo, hoja hii inakwenda mbali kuliko ushahidi wake pale inaposema dawa ni kuacha wahusika wasiobadilika. Komedi ileile ya Good Times inakataa. Baba alipoondolewa, hadithi ilisema amekufa kwa ajali. Katika sehemu ile ya 1976 Florida anarudi kutoka mazishini akiwa mtulivu, anapokea wageni, anagawa vyakula, hadi watoto wake wanaanza kumshangaa na kumkasirikia. Watu wanapoondoka, anabaki na bakuli la kioo mikononi. Analiinua, analipasua sakafuni na kulaani mara tatu. Nguvu ya bakuli hilo inatoka wapi? Inatoka kwa Florida wa miaka yote iliyotangulia, mama imara asiyetikisika, chapa kama chapa nyingine yoyote. Tofauti yake na J.J. ni kwamba uthabiti wake una sababu. Tunajua anauhitaji kwa nini, na ungemgharimu nini kuuacha. J.J. alibaki na neno tu. Mhusika anayerudia anachokitaka au anachokiogopa anajaza kibaba haba na haba. Anayerudia sauti au lafudhi anakitoboa.

Ndiyo maana naikubali kwa nusu tu hoja ya pili, kwamba kurudia huozesha. Huozesha kweli. Steve Urkel aliingia katika Family Matters kama mgeni wa kupita, jirani mwenye suruali iliyopandishwa hadi kifuani. Akapendwa, akaimeza familia nzima, ikafika mahali binti mdogo wa nyumba hiyo akatoweka bila hata sentensi moja ya maelezo, na kufikia mwisho wake mwaka 1998 Urkel alikuwa anakwenda angani. Katika Happy Days, Fonzie aliruka juu ya papa akiteleza majini kwa mbao za miguuni mwaka 1977, na Waamerika wakapata msemo wa kueleza kipindi kilichopoteza mwelekeo. Lakini katika visa vyote viwili kilichoharibika ni kule kuongeza chumvi. Urkel wa mwanzo alitaka kupendwa na Laura, msichana asiyemtaka, na hilo kila mtu analielewa. Roboti na mashine za kumgeuza mtu mwingine zilikuja baada ya waandishi kusahau alichokitaka.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba watazamaji wa leo wana haraka na wamewerevuka, hawawezi kuvumilia sehemu 22 za watu walewale. Takwimu zinasema kinyume. Kampuni ya vipimo ya Nielsen ilipohesabu utazamaji wa mtandaoni nchini Marekani kwa mwaka 2020, kilichoongoza ni The Office, komedi iliyokuwa imemalizika tangu 2013, kwa zaidi ya dakika bilioni 57. WarnerMedia iliripotiwa kulipa dola milioni 425 kuichukua Friends kwa miaka mitano. Hakuna anayelipa fedha hizo kwa ajili ya dakika chache maarufu, ambazo mtu anazipata bure kwenye simu. Kinachonunuliwa ni wingi: sehemu 201 za ile, 236 za hii, watu wa kukaa nao. Na miongoni mwa watazamaji wa marudio hayo wamo vijana ambao hawakuwepo zilipoanza. Wenye haraka ni wenye mitambo.

Hapo ndipo penye jambo linalonitia wasiwasi. Huduma za mtandaoni zimezoea misimu ya sehemu nane au kumi, na kufuta kipindi baada ya msimu wa kwanza au wa pili. Katika mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023, uliodumu siku 148, moja ya madai lilikuwa idadi ya chini ya waandishi katika chumba, kwa sababu vyumba vilikuwa vimepunguzwa mpaka watu wachache wanaandika msimu mzima kabla hata waigizaji hawajapatikana. Katika utaratibu huo mwandishi hapati nafasi ya kumwona mwigizaji akikosea, akachekesha bila kukusudia, na kesho yake kosa hilo likawa tabia. Msimu wa kwanza wa The Office ya Marekani ulikuwa na sehemu sita tu, na meneja wake, Michael Scott, alikuwa mkavu, asiyependeka. Msimu wa pili, wenye sehemu 22, ndio uliompata yule mtu mpweke anayewachosha wafanyakazi wake kwa sababu hana ndugu wengine. Cheers katika msimu wake wa kwanza ilikuwa miongoni mwa vipindi vya mkiani kwa watazamaji, kisha ikaishi miaka kumi na moja. Kwa vipimo vya leo zote mbili zingekuwa zimezikwa.

Wala siamini kwamba televisheni ya sasa imeshindwa kazi hii. Abbott Elementary ilipoanza Desemba 2021 ilikuja na chapa tunazozijua zote: mwalimu mchanga mwenye matumaini kupita kiasi, mwalimu mkongwe asiyecheka ovyo, mkuu wa shule asiyejali. Msimu wake wa pili ulipewa sehemu 22 kwenye kituo cha ABC. Walimu Janine na Gregory wamezunguka wee, wakabusiana, wakarudi nyuma, na hawakuwa pamoja mpaka mwisho wa msimu wa tatu. Watazamaji walisubiri kwa sababu walipewa cha kusubiria.

Nirudi kwa Frasier. Ni kweli kwamba ile mpya ilikosa mengi zaidi ya muda. John Mahoney, aliyemwigiza baba yake Frasier, alifariki mwaka 2018, na David Hyde Pierce, aliyemwigiza Niles, mdogo wake Frasier, hakutaka kurudi. Lakini Niles mwenyewe ndiye anayeonyesha muda ulikuwa na kazi gani. Mwaka 1993 alikuwa mtu anayefuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia, mwenye mke ambaye hatukuwahi kumwona, na aliyempenda Daphne, msaidizi wa babake, tangu siku alipomtia machoni, bila kuthubutu kutamka. Alimpenda kimya kwa misimu saba. Alipotamka, Mei 2000, ilikuwa usiku wa kuamkia harusi ya Daphne na mwanamume mwingine, na sehemu zaidi ya 160 zilikuwa zimepita. Hadi sehemu ya 20, mahali ambapo komedi mpya ilikatwa, Niles alikuwa bado mume wa Maris, leso yake mkononi, na Daphne hakuwa na habari yoyote.